Mlinzi Asiyejua Kusoma

Iko nchi moja inaitwa Usirini. Usiniulize iko upande gani wa dunia, kwa maana ramani yake imefungiwa sandukuni, na ufunguo umewekwa ndani ya sanduku hilohilo ili usiibiwe. Wanaofika huko hufika kwa kupotea njia. Mimi nasimulia yaliyonifikia tu, na kama ipo nchi nyingine inayofanana na hiyo, aibu ni yake.

Serikali ya Usirini ilikuwa na vitu vingi na fedha haba, kwa hiyo ilikodisha. Magari ya wagonjwa ilikodisha kwa wauza samaki. Viti vya Bunge vilikwenda kwenye harusi za watu kila mwisho wa juma, na waheshimiwa wakajadili bajeti wamechuchumaa. Hatimaye ikafika zamu ya kompyuta. Idara ya Mafaili ya Thamani ilizipanga zote katika ghala lililokuwa la magunia, ikafungua milango, na mwananchi yeyote mwenye shida ya kuandika kadi ya harusi au barua ya kuomba kazi akakaribishwa kukodi.

Shida ilikuwa moja tu: mafaili ya thamani yalikuwa bado yamo ndani.

Kijana mmoja mtaalamu, aliyekuwa ametoka masomoni na hajajifunza bado kunyamaza, aliuliza kwenye kikao kwa nini mafaili yasihamishwe kwanza, ndipo kompyuta zikodishwe tupu. Kikao kizima kilitazama meza. Waziri wa Mafaili, Mheshimiwa Vuai, alivua miwani.

“Kijana, kuhamisha faili ni kulinakili kule na kulifuta huku. Kunakili ni uhaini. Kufuta ni uhaini. Umependekeza uhaini mara mbili bila hata kupumua.”

Kijana akateuliwa balozi katika kisiwa ambacho maji yakijaa hakionekani.

Basi ulinzi ukaanza. Kwanza kila kioo cha kompyuta kilifunikwa kitambaa cheusi, ili mteja asione mafaili. Wateja wakalalamika kwamba hawaoni hata wanachoandika wenyewe, na bwana harusi mmoja alikuta kadi zake zimealika watu mazishini. Vitambaa vikaondolewa, kisha matundu ya kuchomekea flashi yakazibwa kwa ugali. Ugali ulikauka vizuri, lakini sisimizi wakaja, wakawa wanaingia na kutoka, na kila aliyetoka alikuwa amebeba kitu. Iliundwa kamati ya kuchunguza walichobeba. Mpaka leo kamati hiyo inakaa.

Mwishowe Mheshimiwa Vuai alipata wazo, akalitangaza uwanjani mbele ya bendi.

“Ndugu wananchi! Faili ni kama mke wa mtu. Unaweza kumwona akipita, unaweza hata kumwamkia, lakini huondoki naye! Leo Serikali yenu imegundua kwamba adui wa faili siye mwizi. Adui wa faili ni msomaji! Kuanzia sasa, kando ya kila mteja atakaa mlinzi, na mlinzi huyo atakuwa hajui hata herufi moja. Asiyejua kusoma hawezi kuiba kilichoandikwa! Miaka yote tumetoa elimu. Sasa ni wakati wa kuwavuna wale ambao haikuwafikia!”

Watu walipiga makofi. Usirini, kutopiga makofi kulihesabiwa ni kosa la barabarani.

*

Katika mtaa wa Kisimani aliishi msichana jina lake Siwema binti Machano. Alikuwa na haya kiasi kwamba jogoo akimkazia macho, yeye Siwema ndiye aliyeinamisha uso. Shule aliiachia darasa la nne, mama yake alipofariki na shangazi yake, Bi Mashavu, akamchukua kumlea. Kila mtu alijua kwamba hakujua kusoma, na hakuna aliyeshangaa, maana hata waliofika la saba wengi wao hawakujua.

Ambalo hawakulijua ni kwamba Siwema alijifunzia kusoma barabarani. Usirini hakuna ukuta usio na katazo. Usikojoe hapa. Usisimame hapa. Usiulize hapa. Kila alipotumwa dukani alizisoma kuta, moja baada ya nyingine, na neno la kwanza alilolijua vizuri maishani mwake lilikuwa “marufuku”. Hakumwambia mtu. Mwanzoni aliona haya, na baadaye ikawa hatari.

Bi Mashavu aliposikia kazi ya ulinzi, alimsukuma mpwa wake mpaka mlangoni mwa ghala. “Nenda. Kwa mara ya kwanza serikali inatafuta watu kama sisi.”

Walioomba kazi walikalishwa ukumbini. Ofisa akainua ubao ulioandikwa kwa herufi kubwa: KUNA NYOKA CHINI YA KITI CHAKO. Waliojua kusoma waliruka, wakafukuzwa. Mmoja aliruka mpaka akavunja dirisha, akashtakiwa kwa kisomo cha kupindukia. Siwema aliusoma ubao wote. Lakini aruke, mbele ya wanaume wote wale? Aliinamisha uso, akangoja kuumwa.

Akapewa kazi, na filimbi ya kuvaa shingoni. Mafaili ya thamani yalikuwa yametiwa rangi nyekundu ili walinzi wayatambue. Mteja akigusa jekundu, mlinzi apulize.

*

Maofisa wa Idara walikaa mbele ya walinzi kama watu wanavyokaa mbele ya paka. Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Ngwali, alikuja kila siku kukaa kwenye kompyuta ya Siwema, kwa sababu ilikuwa karibu na feni. Alivua viatu, akajikuna mgongo kwa rula, akafungua mafaili mekundu bila kugeuza kioo. Ila alikuwa na desturi moja ya kuuliza ghafla huku akimchungulia machoni.

“Binti, hapa pameandikwa nini?”

“Sijui, baba.”

“Na hapa?”

“Sijui, baba.”

“Vizuri sana. Ungenijibu, ningekupenda kama mwanangu, kisha ningekufunga.”

Siwema alizoea kutazama kioo kama ukuta mpya uliopakwa chokaa. Alizoea, mpaka siku ambayo Bwana Ngwali alifungua faili lenye kichwa cha maneno: MPANGO WA KUIPENDEZESHA KISIMANI.

Macho hayana breki. Yalisoma kabla hajayakataza. Ilikuwa imeandikwa kwamba Siku ya Shukrani, wakazi wote wa Kisimani watakapokuwa uwanjani kuishukuru Serikali, tingatinga litakwenda kuondoa nyumba zote zinazokizunguka kisima. Kisima kitakabidhiwa kiwanda cha soda cha shemeji yake Mheshimiwa Waziri. Nyumba ya kuanzia: ya Bi Mashavu, mjane. Anatarajiwa kulia kwa kiasi.

Filimbi ilikuwa mdomoni mwa Siwema. Pumzi ikamtoka, filimbi ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa.

Bwana Ngwali aligeuka polepole. “Nini hiyo?”

“Chafya, baba.”

“Chafya.” Alimtazama, akatazama kioo, akamtazama tena. Siku hiyo alivaa viatu mapema.

*

Siwema alirudi nyumbani ameubeba mtaa mzima kifuani. Angemwambia nani? Kila ambaye angemwambia angemuuliza swali moja: umejuaje? Na Kisimani, jirani wa kulia alisikiliza kwa niaba ya Serikali, na wa kushoto alimsikiliza wa kulia.

Lakini alikuwa amelifikiria jambo moja njia nzima. Usirini mambo mawili tu yalimsamehe mtu asiende uwanjani: msiba na harusi. Na turubai la harusi likishafungwa barabarani, hapiti mtu. Hata msafara wa Rais uliwahi kuzunguka. Serikali ile haikuogopa Bunge wala mahakama, lakini iliogopa laana ya wanawake walio jikoni.

Bi Mashavu alikuwa anakuna nazi.

“Shangazi.”

“Sema.”

“Harusi ya Mwatima... kwa nini isiwe Siku ya Shukrani?”

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Mwatima alikuwa binti wa Bi Mashavu, na harusi yake na Shaame ilikuwa imepangwa baadaye sana.

“Siku ya Shukrani tunakwenda kushukuru.”

“Mwenye harusi husamehewa.”

“Shaame wa watu hata kanzu hajamaliza kushonewa. Haraka ya nini?”

Siwema alianza kuokota machicha yaliyomwagika.

“Nani kakutuma?”

“Hakuna, shangazi.”

“Basi umeona kitu. Wewe huwezi kuomba hata chumvi mezani, leo unanipangia harusi? Umeona nini?”

Siwema aliinamisha uso. Bi Mashavu alimtazama, akatazama mlango wa chumba cha Mwatima, akatazama nazi. Kifuu kikamponyoka.

“Lo! Mwatima? Mwanangu mimi? Amejiharibia?”

Siwema alifungua mdomo kukanusha. Akaiona nyumba, na tingatinga, na yale maneno “kwa kiasi”. Akaufunga.

“Usiseme neno,” Bi Mashavu alinong’ona. “Nimekuelewa. Siku ya Shukrani ataolewa, wallahi, hata kwa kanzu ya mkono mmoja!”

Jioni Mwatima alimfuata Siwema uani, anajishika mgongo.

“Umemwambia nini mama?”

“Sikusema kitu.”

“Basi hicho ulichokisema bila kusema ndicho kilichonipatia mwiko wa mgongo! Eti mwenye haya! Nimekulia nawe kitanda kimoja, kumbe nalala na nyoka.”

Siwema alilia sana, wala hakumweleza.

*

Siku ya Shukrani ikafika. Turubai likafungwa mlangoni mwa mtaa, masufuria yakapandishwa, vigelegele vikapigwa. Watu wote wa Kisimani walikuwa wamealikwa, kwa sababu Bi Mashavu aliogopa kwamba wachache wangezungumza zaidi kuliko wengi. Pilau lilipoiva, likasikika dude linanguruma. Tingatinga. Kwenye usukani alikuwa dereva mmoja mnene aitwaye Makungu, na pembeni yake ofisa mwembamba mwenye kofia nyekundu.

“Turubai litoke!” alisema ofisa.

“Litoke liende wapi, baba, na bwana harusi bado?” Bi Mashavu alijibu, mikono kiunoni. “Na nyinyi mnazungumzaje na watu mkiwa na njaa? Karibuni. Enyi watoto, mpeni dereva sahani!”

“Makungu, usile! Ni amri!”

Lakini mkono wa Makungu ulikuwa umeshafika kinywani. Alikula kimya, kwa heshima, akapangusa sahani kwa kidole. Ofisa akamwambia awashe mtambo.

“Siwezi, afande.”

“Huwezi kwa nini?”

“Nimekula chumvi yao. Nivunje nyumba na ukoko wangu uko jikoni? Mama yangu atafufuka.”

“Basi shuka, nitaendesha mwenyewe.”

“Na wewe umekunywa sharubati, afande. Nimekuona.”

Ofisa alikitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwake kana kwamba kimewekwa na adui.

Wanawake hawakungoja. Walilifunga tingatinga asumini na kanga, wakampandisha Mwatima na Shaame kwenye koleo lake la mbele, na Makungu, mtu wa heshima, akawapitisha mji mzima. Walipita uwanjani wakati watu wanatoka kushukuru. Wote waliona.

Serikali haikuweza kusema lile tingatinga lilikuwa limetumwa wapi. Kwa hiyo redio ilitangaza kwamba Serikali sikivu imeanzisha mpango wa kuwabeba maharusi wanyonge kwa mitambo mizito. Kesho yake wenye harusi walijaa ofisini kuandikisha zamu. Tingatinga likakodishwa, zamu zikajaa, na Kisimani ikabaki na kisima chake kwa sababu mtambo haukuwa na nafasi.

*

Lakini Waziri aliuliza: Kisimani walijuaje?

Kompyuta zote zilifunguliwa. Ugali ulichunguzwa tundu kwa tundu. Haikupatikana nakala hata moja. Bwana Ngwali aliitafakari ile chafya siku nzima, kisha akafunga mlango, akaandika karatasi, akamwita Siwema.

“Binti, umefanya kazi vizuri. Hii ni barua ya kukupandisha cheo. Weka dole gumba hapa.”

Siwema aliitazama. Ilisema: Mimi, Siwema binti Machano, najua kusoma. Nimelisoma faili jekundu la Kisimani na kulitangaza. Nakubali kufungwa maisha.

Bwana Ngwali hakuitazama karatasi hata kidogo. Alitazama uso wake. Siwema akaelewa. Akikataa, amesoma. Akikubali, amekiri. Kati ya milango hiyo miwili hapakuwa na dirisha.

“Mbona unasita?”

“Nina haya, baba. Sijawahi kupandishwa cheo.”

Akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza.

Bwana Ngwali alimshika mkono, akampeleka mbiombio mpaka ofisini kwa Waziri, na karatasi bado mbichi. Mheshimiwa Vuai aliisoma akimsimamisha Siwema karibu na mlango.

“Amekiri kwamba anajua kusoma?”

“Amekiri, Mheshimiwa!”

“Mbona ameweka dole gumba?”

“Kwa sababu nilimwambia ni barua ya cheo.”

“Naye akaamini.”

“Kabisa, Mheshimiwa. Ameingia mtegoni mzimamzima!”

“Angekuwa anajua kusoma, angeamini?”

Bwana Ngwali alinyoosha mkono aichukue tena karatasi.

“Kwa hiyo,” alisema Waziri, taratibu, kama mtu anayemenya yai, “binti huyu hajui kusoma, na wewe umenithibitishia kwa maandishi. Waliokaa mbele ya lile faili mlikuwa wawili. Ngwali, wewe unajua kusoma?”

“Mheshimiwa, mimi ni Mkurugenzi...”

“Nimekuuliza unajua au hujui.”

Jasho lilikuwa linamdondoka Bwana Ngwali kidevuni. Alimgeukia Siwema, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeomba kuonyeshwa njia. Neno moja la Siwema lingemtoa. Siwema aliinamisha uso, na safari hii haikuwa haya.

*

Sheria ya Usirini inataka msomaji wa siri azibwe mdomo kwa kitambaa palepale anapokamatwa, asiimwage siri njiani, wala asifunguliwe mpaka afike gerezani. Bwana Ngwali alizibwa mbele ya wafanyakazi wote. Pingu hazikuwepo, zilikuwa zimekodishwa kwa kikundi cha maigizo. Akapakiwa kwenye gari, mikono huru.

Walinzi walipangwa nje wamwone anavyoondoka, liwe funzo. Kioo cha gari kilikuwa na vumbi kwa ndani. Bwana Ngwali alimwona Siwema, akainua kidole, akaanza kuandika polepole. Alizigeuza herufi upande wake ili kwa aliye nje zikae sawa. WASINISUBIRI KWA CHAKULA.

Askari aliyesimama karibu hakutazama kioo. Alikuwa anawatazama walinzi, uso kwa uso. Siwema alikitazama kioo kile kama mbuzi anavyotazama bango. Gari likaondoka. Hakujua kama lilikuwa ombi, au ni mtego wake wa mwisho.

Alikwenda nyumbani, hakuweza kukaa. Jua lilipolegea, miguu yake ilikuwa imeshamfikisha kwenye nyumba ya Bwana Ngwali. Ng’ambo ya barabara mwanamume mmoja alikuwa amesimama na mwavuli, na mvua haikuwapo. Mkewe Bwana Ngwali, Bi Arafa, alifungua mlango. Ndani, watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka kuzunguka sinia, na hakuna aliyegusa kitu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nani wewe?”

“Ni mlinzi wa kazini kwa baba. Amesema... amesema msimsubiri kwa chakula.”

Bi Arafa aliivuta kanga begani, akasogea karibu, sauti ikashuka.

“Mume wangu walimziba mdomo ofisini. Jirani yangu alikuwepo. Amekwambia kwa mdomo gani?”

Alikuwa amepita chini ya ubao wa nyoka, amepita mbele ya filimbi na dole gumba, na sasa amejikamatisha mwenyewe kwa neno moja, mbele ya mwanamke ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumhurumia. Nyuma yake alisikia viatu. Mwenye mwavuli alikuwa anavuka barabara.

Bi Arafa alimwangalia yule mtu. Akamwangalia Siwema, kuanzia macho mpaka kidole chenye wino. Ilionekana kwamba kuna hesabu anaifanya, na inamuuma.

Kisha akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia.

“Maskini ya Mungu! Wamenitumia na huyu, asiyejua hata jina lake limeandikwaje! Hujaambiwa kitu, mwanangu, umechanganyikiwa na kelele za leo. Nenda kwenu, nenda!”

Akamsukuma kidogo kwenye bega, mkono ukikaa pale kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumsukuma mtu. Mlango ulipokuwa unafungwa, Siwema alimwona anainama juu ya mkeka, anaondoa sahani ya baba yao, na kuwaambia watoto waanze kula.